Janga, baa, tauni, balaa: ni lipi linalokufaa?

Sentensi iliyonifanya niandike haya ilikuwa hii: "Baa hili la janga la tauni ya rushwa limekuwa balaa kwa taifa." Maneno kumi na mawili, na manne kati yake yanagombea kiti kimoja. Nikampigia simu kijana aliyeiandika. Hakuficha kitu. "Shikamoo kaka. Sikujua lipi lina uzito zaidi, nikaona niyaweke yote. Utakaloliona halifai utalifuta."

Nilicheka, lakini sikumlaumu. Kiswahili kimejaaliwa maneno chungu nzima ya mabaya yanayowapata watu wengi kwa pamoja: janga, baa, tauni, balaa, maafa, msiba, pigo, mlipuko, mkurupuko. Kamusi nazo hazimsaidii sana mwenye haraka. Unafungua janga unaambiwa balaa, unafuata balaa unaambiwa baa, ukifika kwenye baa unarudishwa kwenye janga. Unazunguka kama ngamia wa kinu cha mafuta. Kwa hiyo nitayapanga mawili mawili au matatu matatu, yale yanayochanganywa, na nitasema mimi huchagua lipi na kwa nini. Mimi ni mhariri, si mtunga kamusi. Mengi hapa nayaamua kwa sikio.

Janga na baa

Hawa ndio mapacha wanaosumbua kuliko wote. Sarufi yao ni moja: janga hili, majanga haya, baa hili, mabaa haya. Yote mawili huwakumba watu. Yote mawili hukaa vizuri na njaa, yaani janga la njaa na baa la njaa, na hapo ndipo mtu anapodhani kwamba ni neno moja lenye kanzu mbili.

Jaribu kuyabadilisha nafasi uone. Janga la moto ni sawa, watu wa zimamoto hulisema kila siku. Baa la moto, sikio linashtuka. Janga la dawa za kulevya ni sawa; baa la dawa za kulevya litaeleweka, ila msomaji atajua umelitafuta. Sasa geuza: baa la njaa, baa la ukame, baa la nzige. Hapa baa liko kwao. Linapenda mabaya yanayoteremka juu ya nchi nzima, yakakaa, yakaumaliza ghala kwanza ndipo yakamgeukia mwenye ghala. Nzige walipoingia Kenya mwishoni mwa 2019, kwa wingi ambao FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ilisema nchi hiyo haikuwa imeuona kwa miaka 70, walioandika "baa la nzige" walilenga. Na sotoka ile ya miaka ya 1890, iliyofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki hadi wafugaji wakabaki na fimbo tupu mkononi, naiita baa bila kusita, kwa sababu baada ya ng'ombe ilifuata njaa ya watu. (Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Ni ugonjwa wa pili tu kufikia hapo, baada ya ndui.)

Tofauti ya pili nimeiokota kwenye methali ambayo kila mtu anaijua: mchuma janga hula na wa kwao. Janga, basi, huchumwa. Mtu anaweza kulitafuta kwa mikono yake, akalileta nyumbani, na jamaa zake wasio na hatia wakalila naye sahani moja. Baa halina mchumaji. Sijasikia popote mtu akiitwa mchuma baa. Ndiyo maana njaa iliyotokana na mvua kukataa kunyesha misimu miwili mfululizo naiandika baa la njaa, na njaa iliyoletwa na vita, au na watu waliofungia mahindi stoo wakingoja bei ipande, naiandika janga la njaa. Hutaikuta kanuni hii katika kitabu cha sarufi. Lakini ukiitumia, neno lako linaanza kusema jambo ambalo sentensi nzima ingelazimika kulieleza.

Tatu, janga limeajiriwa serikalini. Hutangazwa. Mwaka 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa nchini Kenya, na tangu hapo "janga la taifa" limekuwa kama cheo: tatizo likipewa, bajeti hutarajiwa kufuata. Baa halijapata kutangazwa na mtu; likija linaonekana lenyewe. Shirika la Afya Duniani liliposema Machi 11, 2020 kwamba korona sasa ni ugonjwa wa dunia nzima, wengi wetu hatukuhangaika kuunda neno, tulilichukua janga likiwa tayari limekaa mlangoni. Likafanya kazi hiyo hadi likaacha kuhitaji nyongeza. Siku hizi mtu anasema "kabla ya janga" au "nilinunua wakati wa janga" na hakuna anayeuliza janga lipi. Tanzania ilikuja na UVIKO-19, yaani Ugonjwa wa Virusi vya Korona, lakini angalia kilichopewa jina: ugonjwa. Tukio lenyewe likabaki janga.

Kazi nyingi hizo zimelichosha. Mtaani "majanga" limekuwa la kusema simu ikizima katikati ya maongezi, au basi likikupita ukiwa unavuka barabara. Sina ugomvi na mtaa, kila neno lina haki ya kwenda kupunga upepo. Tatizo ni pale mtu anapoandika "majanga" katika ripoti ya mafuriko na msomaji kijana akatabasamu kabla hajakumbuka kwamba watu wamekufa. Umoja, janga, bado una uzito wake wote. Wingi nautumia kwa tahadhari, na napenda uje na kitu cha kuushikilia: majanga ya moto, majanga ya asili.

Baa nalo lina kasoro yake, nayo inachekesha. Linafanana na baa ya kunywea pombe. Mwaka 2020 amri za kufunga baa zilipotoka, niliona kichwa cha habari chenye maneno mawili tu, "Mabaa yafungwa", nikawaza: laiti ingekuwa kweli. Kinachowatenganisha ni upatanisho. Baa la maangamizi ni hili, limekumba, limetuzidi. Baa ya vinywaji ni hii, imefunguliwa, imejaa. Ukiandika "baa imeikumba nchi" umeiangusha nyumba ya vileo juu ya vichwa vya raia.

Na kabla sijaondoka hapa: soma tena ulichoandika uone kama simu haijakubadilishia janga kuwa jangwa. Imenitokea. "Jangwa la njaa" lilipita mbele ya macho yangu mara tatu kabla ya kwenda kuchapwa, na aliyeligundua alikuwa fundi wa mitambo.

Tauni

Hili ni neno la daktari kabla ya kuwa la mshairi. Tauni ni ugonjwa wenye jina, wenye bakteria aliyegunduliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894, unaobebwa na viroboto wa panya, unaovimbisha tezi za kinenani na kwapani. Watu wanaamini uliishia zama za kati, wakati ule wa Kifo Cheusi kilichoipitia Ulaya kuanzia 1347. Hapana. Nairobi ilipata tauni mwaka 1902, ikiwa bado mji wa mabati, na soko la Wahindi likachomwa moto kwa amri ya daktari wa serikali. Lushoto, Tanzania, iliishi na tauni tangu 1980 kwa zaidi ya miaka ishirini. Madagascar mwaka 2017 iliugua tauni ya mapafu. Wagonjwa walipita 2,000 na waliokufa walikuwa kama 200.

Nayataja haya kwa sababu ya kazi yetu ya maneno. Ukiandika "tauni imeingia wilayani" ukimaanisha kipindupindu, au ukimaanisha vijana wanaokunywa gongo, kuna sehemu ambazo msomaji ataenda kutafuta panya waliokufa darini. Neno ambalo bado lina mgonjwa halali halichezewi ovyo.

Asili yake ni Kiarabu, kutoka kitenzi chenye maana ya kuchoma kwa mkuki. Wanazuoni wa Kiislamu walikuwa makini kuliko sisi: kila tauni ni wabaa, walisema, lakini si kila wabaa ni tauni. Wabaa kwao ni maradhi yoyote yanayoenea kwa wingi, na tauni ni moja mahususi ndani yake. Tauni ya Amwasi, iliyoiua sehemu kubwa ya jeshi la Waislamu huko Sham, yaani Syria na majirani zake, karibu na mwaka 639, ndiyo iliyomfanya Khalifa Umar ageuzie njiani asiingie katika nchi hiyo. Kiswahili kilichukua tauni na kikaliacha wabaa likafifia, na mimi naona tulipoteza. Lingekuwepo leo tusingehitaji kulitwisha janga kila mzigo.

Wakristo nao wanalo tauni kupitia Biblia. Daudi, katika Samweli wa Pili, anawekewa mabaya matatu achague moja: njaa ya miaka, kukimbizwa na adui kwa miezi mitatu, au tauni ya siku tatu. Ukitaka kuona tofauti ya baa na tauni, angalia muda: njaa inahesabiwa kwa miaka, tauni kwa siku. Zaburi ya 91 inaweka tauni kando ya uele, neno zuri ambalo wengi hulisoma ibadani bila kulijua. Uele ni ugonjwa. Mwele ni mgonjwa. Ndwele za washairi zinatoka humo humo. Usilichanganye na uwele wenye wingi wa mawele, huo ni nafaka.

Je, tauni lifae kwa tamathali? Linafaa, mradi ukubali kwamba umechukua neno la kuua haraka na la kuambukiza. Uvumi unaopita mtu hadi mtu na kuacha maiti nyuma yake unaweza kuwa tauni. Ukosefu wa madawati hauwezi.

Mlipuko au mkurupuko

Kwa magonjwa yanayoibuka ghafla, Tanzania husema mlipuko, na "magonjwa ya mlipuko" ni maneno rasmi ya sekta ya afya. Kenya hupenda mkurupuko. Yote mawili ni mazuri, yote mawili yana walakini.

Mlipuko unachanganywa na bomu. "Mlipuko waua sita" ni kichwa cha habari ambacho hakijasema lolote mpaka ufike aya ya pili. Waliokuwa Nairobi na Dar es Salaam Agosti 7, 1998 wana mlipuko wao ambao hauhusiani na kipindupindu. Dawa yake ni ndogo: litaje gonjwa palepale, mlipuko wa surua, mlipuko wa ebola, na usiliache neno lisimame peke yake katika kichwa cha habari.

Mkurupuko una picha nzuri zaidi. Kukurupuka ni kule kutoka mbio kwa sungura aliyeguswa kichakani, hukumtarajia, tayari amepita. Ndivyo ugonjwa unavyotoka. Lakini kwa sikio la Mtanzania, anayekurupuka ni mtu anayefanya mambo bila kufikiri. "Usikurupuke" ni karipio. Mwandishi wa Mombasa akiandika "mkurupuko wa wizara", msomaji wa Morogoro ataelewa kwamba wizara imefanya papara. Basi tazama unamwandikia nani.

Jambo moja linalosahaulika: mlipuko haupimwi kwa wingi wa watu. Machi 2023 Tanzania ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg mkoani Kagera. Ulipotangazwa kwisha mwezi Juni, wagonjwa walikuwa 9 na waliofariki 6. Watu tisa, na ulikuwa mlipuko kamili, kwa sababu haukutarajiwa kuwepo hata mmoja. Ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980. Leo akipatikana mgonjwa mmoja, dunia nzima itasema mlipuko. Kwa upande wa pili kuna malaria. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani iliua watu 597,000 mwaka 2023, wengi mno wakiwa Afrika, na bado si mlipuko, kwa sababu ipo siku zote na tumezoea kulala nayo. Malaria iite ugonjwa sugu wa nchi, iite janga kama unataka kuwaamsha watu. Neno mlipuko ulihifadhi kwa siku itakapozidi kipimo chake cha kawaida, kama huko nyanda za juu ambako haikuzoeleka.

Maafa, msiba, balaa, pigo

Haya nitayapitia upesi, isipokuwa moja.

Maafa ni hasara iliyobaki baada ya jambo. Mafuriko yakiwa janga, maafa ni nyumba zilizobomoka, mashamba yaliyosombwa, watu waliokufa. Serikali ya Tanzania hulitumia kwa upana zaidi, na ina idara nzima ya menejimenti ya maafa. Ofisi za namna hiyo Kenya husema majanga. Ila magazeti ya Kenya yamelibana maafa likamaanisha vifo: "idadi ya maafa yafika 40." Ukiwa Mtanzania utajiuliza maafa arobaini ni mafuriko arobaini? Ukiandikia pande zote mbili, sema vifo ukimaanisha vifo. Halina umoja unaotumika sana, na upatanisho wake ni haya: maafa haya yametokea.

Msiba una maiti ndani yake. Bara, "niko msibani" maana yake kuna mtu amefariki na turubai limefungwa. MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996 ilikuwa ajali kwa chombo, maafa kwa hesabu, na msiba kwa nchi nzima. Maneno matatu ya tukio moja na hakuna lililodanganya. Lakini msiba wa ukame, au msiba wa rushwa, ni kuita waombolezaji mahali ambapo hakuna aliyekufa.

Balaa ni la nyumbani. Lina mdomo wa mtu anayelalamika. Linampata mmoja, familia, mtaa. Likiipata nchi ni kwa sababu msemaji ana uchungu, hatoi taarifa. Na limekuwa sifa vilevile: mpishi ni balaa, mchezaji ni balaa. Katika makala ya habari liache. Katika hadithi, katika kinywa cha bibi aliyeona paa limeezuliwa, hakuna linalolifikia. Watu hugongana kuhusu balaa hili na balaa hii. Yote yanasikika, mimi hushika hili.

Pigo nalipenda, na naona limedharauliwa. Kiingereza kina maneno mawili makubwa ya maangamizi ya umma: moja, plague, asili yake ni Kilatini cha "pigo", jingine, scourge, asili yake ni mjeledi. Mtafsiri anayakodolea macho, anakimbilia janga, na kumbe Kiswahili kina picha ileile ya mkono unaoinuka. Waliotafsiri Kutoka waliona. Mabaya kumi ya Misri wakayaita mapigo. Damu mtoni, vyura jikoni, chawa, majipu, mvua ya mawe, nzige, giza: kila moja linatua, linauma, linaondolewa, kisha linakuja jingine. Huo ndio utu wa pigo. Lina wakati wake wa kutua. Kufungwa kwa kiwanda ni pigo kwa mji. Kukosa kazi kwa miaka kumi baada ya hapo si pigo tena. Na pigo linamwachia msomaji swali: nani kapiga? Angalizo moja tu: katika wingi, mapigo ni ya moyo pia, kwa hiyo "mapigo yameongezeka" yataje ni ya nini.

Tukio moja, maneno mengi

Chukua kijiji kilichopo kandokando ya mto. Mvua imenyesha siku nne, usiku wa tano mto umetoka kwenye njia yake. Mama mmoja amesimama juu ya tuta, miguu mitupu, kashika redio iliyoloa na kuku mmoja, anasema, "Balaa gani hili, jamani." Hapo hakuna neno jingine.

Asubuhi mkuu wa wilaya anafika na kusema janga. Sawa, ndilo neno lake, na linaita misaada. Jioni watu wanahesabu: kaya mia mbili hazina makazi, ekari kadhaa za mpunga zimelala chini ya tope. Hayo ni maafa. Maiti mbili zimepatikana kwenye mianzi. Nyumba mbili hizo zina msiba, na jirani anayekwenda kuwapa pole hasemi "poleni na janga". Wiki ya pili visima vimeingia maji ya vyoo na watoto wanaharisha maji ya mchele. Mlipuko wa kipindupindu, au mkurupuko, kulingana na mpaka uko upande gani. Shule inageuzwa kambi, na mwalimu aliyekuwa akiwaandaa watoto kwa mtihani anaita kufungwa kwake pigo. Msimu unaofuata, kwa kuwa mbegu zote zilioza, hakuna cha kuvuna, wala kijijini hapo wala vijiji vinane vya jirani. Ndipo baa linapoingia.

Tauni haikutokea. Hakuna aliyeugua tauni.

Hiki ndicho kipimo ninachowapa wanaoniuliza. Kabla ya kuchagua neno, jua umesimama wapi katika hadithi: juu ya tuta, ofisini, kwenye daftari la hesabu, mlangoni mwa wafiwa, au kwenye ghala tupu miezi sita baadaye. Na sikiliza kitenzi, maana kila neno lina vyake. Janga na baa hukumba. Balaa hupata, au hushuka. Msiba humfika mtu. Pigo hutua. Mlipuko hutokea na hudhibitiwa. Maafa husababishwa. Ukijikuta umeandika "msiba umedhibitiwa", mojawapo ya maneno hayo mawili liko mahali pasipo pake.

Rushwa na mengine yasiyo na vijidudu

Sasa turudi kwa kijana wangu, kwa sababu shida yake ilikuwa hii. Rushwa haileti homa, haina kiroboto. Lakini inaenea, inadumu, inawala wengi. Ukabila ni hivyo, ulevi ni hivyo, wizi wa mitihani ni hivyo. Neno gani?

Wengi huchukua janga, na halikosei; nimeshasema janga huchumwa, na rushwa ina wachumaji. Ila janga linasikika kama lililoanza juzi, na rushwa haikuanza juzi. Nyerere aliikemea bungeni kabla ya Uhuru, na kiapo cha TANU, chama chake, kiliiita adui wa haki. Adui, si janga. Ni chaguo lenye akili: adui unaweza kumpiga vita, ndivyo ilivyokuwa kwa ujinga, maradhi na umaskini. Janga unalisubiri lipite.

Wengine husema saratani, na hapo wanakopa hospitalini kama waliokopa tauni, lakini kwa mkopo unaolipika, maana saratani hukua ndani ya mwili wenyewe. Wengine hupenda jinamizi au zimwi: jinamizi la ukabila, zimwi la ufisadi. Yanapendeza katika hotuba. Kwenye makala yananitia shaka, kwa kuwa jinamizi hukukalia ukiwa usingizini na huondoka ukiamka, na zimwi hakuna aliyewahi kuliona, wakati mla rushwa ana ofisi, ana namba ya mlango.

Kiswahili kina neno lake, la siku nyingi, lisilohitaji kukopa: donda ndugu. Kidonda kisichopona, kinachokula nyama ya pembeni, kinachorudi ukidhani kimekauka. Halifai kwa mafuriko wala kwa kipindupindu. Kwa uovu uliokaa ndani ya jamii na kuila polepole, sijaona linalolizidi.

Chini kabisa ya ngazi kuna kero. Maji kukatika Jumanne na Alhamisi ni kero. Kukatika miezi minane ni jambo jingine, na mwandishi anayeendelea kuliita kero anamfanyia kazi mwenye bomba. Hapo ndipo lilipojificha neno ninalolichukia kuliko yote haya, changamoto. Zamani lilikuwa na maana nzuri, jambo linalokuchangamsha upambane nalo. Sasa limekuwa pamba ya kuzibia masikio. "Wananchi wanakabiliwa na changamoto ya chakula." Mtu hajala tangu juzi, watoto wake wanachemsha mizizi, na anaambiwa ana changamoto. Kati ya anayeita kila kitu janga na anayeita kila kitu changamoto, wa kwanza anapayuka, lakini walau amekubali kwamba kuna moto.

Sentensi ya kijana niliirudisha ikiwa hivi: "Rushwa ni donda ndugu la taifa." Alinipigia ndani ya dakika tano.

"Kaka, nimeielewa. Lakini umetoa maneno kumi na mawili ukaniachia sita, na mimi nalipwa kwa idadi ya maneno."

Nikamwambia pole.

"Pole ya nini," akasema. "Haya ndiyo majanga."